Kuchagua boti ndogo ya mashine kwa bahari ya Kusi

Mnunuzi huonyeshwa boti asubuhi, maji shwari, imelala mchangani na rangi inang'aa. Kazi yenyewe itaifanya saa nane mchana mwezi wa Julai, Kusi (upepo wa msimu kutoka kusini) imeshika kasi, abiria wamelowa, na maji yanatoka kwenye mlango wa mwamba kukabiliana na upepo. Hatua hizi ni za kuipima boti ya asubuhi kwa bahari ya mchana. Zinahusu boti za faiba za mita 6 hadi 8 zenye mashine ya kutundika nyuma, zile zinazovuka kati ya bara na visiwa: Tanga na Pemba, Nyamisati na Kilindoni, Shimoni na Wasini, Lamu na visiwa vya jirani.

Nenda na futi, ubao ulionyooka wa mita moja, nyundo ndogo ya plastiki, tochi, ndoo mbili, na watu wanne wenye subira.

Hatua ya 1: Ijue bahari kabla ya kuiona boti

Andika mambo matatu kwenye karatasi: mwezi mbaya kuliko yote utakaosafiri, mahali pabaya kuliko pote utakapopita, na uzito mkubwa kuliko wote utakaobeba. Boti inachaguliwa kwa hayo matatu. Siku za maleleji, upepo unapobadilika kati ya Kaskazi na Kusi, hata ngalawa mbovu inavuka. Muuzaji akikwambia boti yake imeshakwenda Komoro na kurudi, muulize ilikuwa mwezi gani.

Mkondo wa pwani yetu, kutoka Tanzania hadi karibu na Malindi, unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa Kusi, mkondo na upepo vinafuatana: mawimbi ni makubwa lakini marefu. Wakati wa Kaskazi upepo unakuja kinyume cha mkondo, na bahari ya wazi husimama wima hata kama upepo si mkali. Ukikaribia mlango wa mwamba (pengo la kupitia boti) au mdomo wa mto hesabu inabadilika tena, kwa sababu hapo anayetawala ni maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji katika sehemu nyingi za pwani hii hupita mita 3, na yote hayo lazima yatoke ndani ya saa sita. Maji yakitoka na upepo ukiingia, wimbi la mita moja linakuwa ukuta mfupi, na boti hailipandi, inaligonga.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa angalizo, mara nyingi husema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Shika namba hizo. Boti nyingi za mitumba kutoka Ulaya zina kibati chenye alama ya CE na herufi moja kati ya A na D. Herufi C ni ya upepo hadi nguvu 6, yaani takriban kilomita 39 hadi 49 kwa saa, na mawimbi hadi mita 2. Kwa hiyo siku ya angalizo, boti ya C tayari imefika ukingoni mwa uwezo wake. Yenye D ni ya maji yaliyojificha, mawimbi ya sentimita 30 hivi. Hiyo iache huko huko hata kama bei inavutia. Kibati hicho hicho husema idadi ya watu na kilo. Kisome chenyewe, usisomewe.

Hatua ya 2: Pima umbo la chini

Boti iliyo bapa chini haili mafuta mengi, hutulia ikisimama, na hukaa wima maji yakipwa. Lakini ikikimbia dhidi ya wimbi hupiga kama mlango, na kipigo hicho ndicho kinachopasua faiba na viuno vya abiria. Iliyokata kama herufi V hulipasua wimbi polepole, lakini hulewalewa ikisimama, hutaka mashine kubwa, na ikikwama mchangani hulala ubavu.

Ukali wa V hiyo upime hivi. Nenda nyuma kabisa, weka ubao wako kwa usawa ukigusa mkuku (uti wa chini wa boti), hesabu sentimita 50 kutoka mkuku kwenda nje, kisha pima kutoka kwenye ubao kwenda juu hadi tumbo la boti:

- sentimita 9: kama digrii 10, karibu na bapa
- sentimita 13: kama digrii 15
- sentimita 18: digrii 20, V ya kweli

Kwa boti ya kazi ya mita 7 inayotua fukweni na kubeba watu na mizigo kwa mashine ya nguvu farasi 40 au 60, tunaona digrii 12 hadi 16 nyuma ndiyo suluhu bora ya pwani hii, mradi mbele iwe kali zaidi. Digrii 20 na kuendelea ni za watu wa mashine kubwa na mwendo mkali.

Kisha simama mbele ya omo, yaani ncha ya mbele ya boti. Chini, panapokata maji, pawe pembamba. Juu patanuke kama mdomo wa kikombe, ili omo ikizama kidogo ipate unene wa kuinyanyua na maji yarushwe nje. Omo nyembamba toka chini hadi juu ni nzuri kwa kulikabili wimbi, ila ukirudi nyumbani na wimbi mgongoni hudidimia, boti nzima hugeuka ubavu, na wimbi linalofuata hukuta ukingo umelala. Ajali nyingi za namna hii hutokea wakati wa kurudi.

Hatua ya 3: Shetri, na urefu wa mguu wa mashine

Kama una muda wa kukagua kitu kimoja tu, kagua shetri, yaani nyuma ya boti. Mashine za kutundika huuzwa kwa urefu wa mguu: inchi 15, 20 na 25. Boti iliyochongwa kwa mguu wa inchi 15 ina kijibonde nyuma, ambapo maji yako sentimita chache tu chini ya ukingo. Hapo pana uzito wa mashine, nahodha na mafuta, na ndiko wimbi la nyuma linakopanda. Boti ya ziwani au ya mtoni inaweza kuishi hivyo. Ya baharini ianze na inchi 20.

Pima kutoka juu ya ubao wa shetri, katikati, hadi chini kwenye mkuku: inchi 20 ni sentimita 51 hivi. Halafu tazama ndani. Mbele ya mashine pawe na beseni lililozibwa, lenye matundu makubwa ya kutolea maji nyuma, ili wimbi likiruka ubao liishie humo. Beseni lililotobolewa ovyo kupitisha nyaya na mipira ya mafuta si beseni tena.

Uimara wa ubao wenyewe: shika mguu wa mashine chini kabisa, uvute na kuusukuma juu chini huku mwenzako ameweka kidole pale ubao unapokutana na tumbo la boti. Akisikia mchezo wowote, mbao za ndani zimeoza. Ndani ya faiba ya shetri huwa kuna plaiwudi, na bolti zilizofungwa bila silikoni ya baharini huingiza maji kidogo kidogo kwa miaka. Gonga kwa nyundo ya plastiki: mlio mkavu ni mzima, mlio wa boga lililooza ni plaiwudi imekufa. Kubadilisha ubao wa shetri kunawezekana, lakini ni kazi ya fundi wa kweli, na bei yake itoke kwenye bei ya boti.

Hatua ya 4: Ipakie kabla ya kuinunua

Iteremshe majini, tena maji mafupi. Tufanye ni boti ya watu 8: watu kilo 600, mizigo kilo 200, petroli kilo 60. Hiyo ni mifuko 17 ya mchanga ya kilo 50. Ipange pale watu watakapokaa, usiirundike katikati.

Boti ya mita 7 hushuka kama sentimita moja kwa kila kilo 70, kwa hiyo mzigo huo utaizamisha sentimita 12 hivi. Pima sasa kutoka maji hadi ukingo mahali palipo chini kuliko pote. Kwa kuvuka bahari ya wazi hatutaki chini ya sentimita 45 ubavuni wala 40 nyuma, ukipima hadi ukingo wa ndani wa beseni. Kisha waambie wale watu wanne wakae wote ukingo mmoja. Boti italala, lakini ukingo uliobonyea ubaki na sentimita 20 na zaidi, na ulalaji wenyewe uwe wa polepole na usimame. Ikilala na kuendelea kulala, waambie warudi haraka.

Kwa nini kuhangaika na sentimita? Sakafu ya mita 5 za mraba ikishika maji ya kina cha sentimita 10, hiyo ni nusu tani. Na nusu tani hiyo haikai kitako kama mifuko. Hukimbilia upande ambao boti tayari imelalia.

Hatua ya 5: Maji yakiingia yanakwenda wapi?

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani (tezi ni nyuma, ngama ni chini kabisa ndani ya boti), na kwa maji ndivyo ilivyo hasa. Boti zina mitindo miwili. Ya kwanza ina sakafu iliyozibwa juu ya usawa wa bahari, na maji hutoka yenyewe kwa matundu ya nyuma. Ijaribu ikiwa imepakiwa, watu wote wanne wakisimama nyuma: kama bahari inarudi ndani kupitia matundu hayo, sakafu iko chini mno na utaishi umeyaziba kwa matambara. Ya pili ni wazi hadi ngamani, na maji yote lazima yakumbwe. Haina ubaya, mradi ujue unachonunua na uwe na pampu.

Pampu iliyoandikwa lita 4,000 kwa saa itatoa labda nusu yake ikiwa na mpira mrefu na betri iliyochoka. Mtu mmoja na ndoo ya lita 10, akimwaga mara kumi kwa dakika, anatoa lita 6,000 kwa saa, ingawa hataweza saa nzima. Ndiyo maana ndoo mbili zifungwe kwa kamba kwenye boti hata ukiwa na pampu ya kisasa.

Sasa swali ambalo wauzaji hawalipendi: ikijaa maji pomoni, itaelea? Faiba ikiwa peke yake huzama. Kinachoielesha ni povu gumu au vyumba vya hewa. Hesabu yake si ngumu:

Bodi (boti tupu bila mashine) ya faiba ya kilo 450 ikiwa ndani ya maji hubaki na uzito wa theluthi moja, kilo 150. Mashine ya 40, weka uzito wake wote, kilo 75. Betri, nanga, mnyororo na vifaa, kilo 40. Jumla ni 265. Lita moja ya povu huinua karibu kilo moja, basi lita 265 zinaizuia isizame tu. Ongeza kilo 25 kwa kila mtu atakayeshikilia, watu 8, kilo 200. Jaza hadi lita 500. Hiyo ni nusu mita ya ujazo, sawa na madumu 25 ya lita 20 yaliyofungwa vizuri, na povu la kiasi hicho lenyewe lina uzito wa kama kilo 20 tu.

Mahali lilipowekwa kuna uzito kuliko kiasi. Povu likiwa lote chini ya sakafu, boti iliyojaa hupinduka, kwa sababu kinachoelea kinataka kuja juu. Sehemu kubwa iwe pembeni, juu, chini ya kingo, na nyingine nyuma karibu na mashine ili shetri isizame na kuacha omo imesimama kama mnara. Povu liwe la poliyurethani lisilonyonya maji. Lile jeupe la kufungia televisheni linayeyushwa na petroli. Likimwagikiwa mara moja hubaki uji. Kwa boti kongwe, omba kutoboa tundu dogo sakafuni: povu likitoka limelowa, boti imebeba maji ambayo hayatatoka kamwe.

Kama unachongesha boti mpya, andika kwenye mkataba kwamba itajazwa maji kwenye kina cha kiuno mbele yako, na itabaki wima. Muuzaji wa mtumba atakukatalia jaribio hilo, na ana haki yake.

Hatua ya 6: Faiba

Usiamini rangi mpya, hasa iliyopakwa chini tu. Pitisha macho huku na huko ukitumia tochi iliyolazwa ubavuni mwa bodi: mawimbi na mabonde yataonekana. Nyufa ndogo kama utando wa buibui kuzunguka sehemu moja ni alama ya kipigo. Nyufa ndefu zinazofuata mataruma (mbavu za boti) ndani maana yake tumbo linanesa, na huko hakuna kiraka kitakachodumu bila kuongeza taruma.

Tundu la kizibo au la bomba hukuonyesha unene bila kutoboa. Kwa mita 7 tunataka milimita 7 hadi 9 tumboni, 5 au 6 ubavuni, na zaidi ya 10 kwenye mkuku, maana pwani hii boti huburuzwa kwenye matumbawe. Fundi wa boti mpya muulize tabaka: mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa karibu milimita moja kwa tabaka. Akikwambia ameweka matatu tumboni, umeshajua.

Hatua ya 7: Mashine

Boti yetu ya hatua ya 5, pamoja na mashine, vifaa na mzigo wa hatua ya 4, ina karibu kilo 1,400. Ili boti ipande juu ya maji na kuteleza, kila nguvu farasi moja isibebeshwe zaidi ya kilo 18 hivi, yaani mashine ya 75 na kitu. Mashine ya 40 haitaipandisha ikiwa imejaa. Itaisukuma kwa mwendo wa kulima maji, omo juu. Si dhambi. Wengi wanafanya kazi hivyo miaka na miaka. Dhambi ni kuifungulia mwisho saa nzima ukitafuta mwendo ambao haumo, ukiunguza mafuta na pistoni. Chagua propela yenye hatua fupi (umbali inaosukuma kwa mzunguko mmoja), ili ikiwa na mzigo ifikie mzunguko uliotajwa kwenye kitabu chake.

Mashine ya kuchanganya oili ni nyepesi, na fundi wake yupo kila bandari ndogo. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 hutaka oili mililita 400, na iwe oili ya mashine za boti, si ya pikipiki. Ile 40 ikifunguliwa mwisho hula lita 16 hadi 20 kwa saa. Ile isiyochanganywa hula pungufu kwa theluthi hivi, ila ni nzito zaidi, na uzito huo unaongezwa shetrini. Rudi hatua ya 3 upime tena.

Mafuta yahesabiwe kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Safari ya kwenda na kurudi saa 3 kwa lita 18 ni lita 54, beba 81. Chujio la kutenganisha maji liwepo kati ya tangi na mashine, kwa sababu petroli ya madumu huja na maji, na mashine huzimika pale pale boti inaporukaruka na kuyachanganya.

Kwa mashine iliyotumika, fungua skrubu ya chini ya giaboksi: oili ikitoka kama maziwa, maji ya chumvi yameingia. Pima mgandamizo, silinda zisitofautiane zaidi ya asilimia 10. Washa na utazame maji ya kupooza yakiruka kwa nguvu. Halafu pima ile sahani bapa juu ya propela: iwe sawa na chini ya mkuku au sentimita mbili chini yake. Ikiwa juu zaidi, propela itakamata hewa kila wimbi linapopita.

Na mashine ya akiba, ya 8 hata 15, iwe na tangi lake. Inayonyonya tangi moja na mwenzake hufa naye.

Hatua ya 8: Vyuma

Haraka tu. Chuma cha pua kiwe daraja la 316. La 304 hutoa kutu ya rangi ya chai ndani ya msimu mmoja. Skrubu za shaba nyeupe chini ya maji hapana. Vipande vya kulinda mashine visiliwe na chumvi viwe vya zinki au alumini. Ukinunua mashine iliyofanya kazi Ziwa Victoria, angalia: vya magnesi ni vya maji baridi, na baharini huisha upesi sana. Kishikio cha kamba ya nanga kwenye omo kiwe na bolti zilizopenya hadi kwenye ubao wa chini, si skrubu, maana siku mashine imekufa, boti nzima inaning'inia hapo.

Hatua ya 9: Itoe nje, saa nane mchana

Kataa jaribio la asubuhi. Vaeni majaketi, muage mtu nchi kavu, na mtoke na nusu ya mzigo.

Nenda kwanza kulikabili wimbi kwa mwendo wa kazi, ukisikiliza: kipigo kimoja kimoja ni kawaida, mtetemo unaoendelea baada ya kipigo ni bodi laini. Kisha weka wimbi ubavuni, punguza mwendo, uone kama boti inarudi wima upesi au inachelewa kwenye kilele cha kila wimbi. Mwisho, geuka na wimbi mgongoni. Hapa ndipo ukweli ulipo. Usukani ukivutika wenyewe na omo ikizika, punguza mwendo mara moja, na usiinunue kwa safari za kurudi na Kusi.

Kwenye maji tulivu zaidi, kimbia kwa mwendo wa kati kisha punguza ghafla. Wimbi lako mwenyewe litakufuata na kuipiga shetri. Likiingia ndani siku hii, ukiwa na nusu ya mzigo, fikiria la Julai.

Mkirudi, ivuteni juu ya mchanga, omo juu, chomoa kizibo cha ngama na kinga maji yote kwenye ndoo. Lita chache za rasharasha si kitu. Zaidi ya lita 10 kwenye siku ambayo hakuna wimbi lililoruka ukingo, kuna tundu, na mlitafute kabla ya kuzungumza bei. Na maji hayo yakiwa na rangi za upinde wa mvua juu yake, petroli inavuja ngamani: usiruhusu mtu awashe sigara hapo, wala swichi ya pampu.